Unyayo wa Meneja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tumerudi kwa daktari wa mifugo. Mbwa wetu Meneja nimembeba begani kama jora la kitambaa, naye akawa anawatazama wapita njia kana kwamba mimi ni dereva wake. Jina hilo tulimpa tangu mdogo, maana hukaa mlangoni mwa duka langu la ushonaji, mbele ya nyumba yetu, akitazama wengine wakifanya kazi.

Habari ni nzuri na mbaya. Nzuri: mguu wa mbele wa kushoto uliokatwa kwa ajili ya saratani umepona vizuri, kovu limefunga, na dripu za dawa ya saratani zimebaki moja tu. Mbaya: unyayo wa mbele uliobaki, ambao sasa ndio unaobeba mzigo wote, umepasuka. Katikati ya vidole ni pekundu, pana majimaji. Kiwiko kina kidonda kwa kulalia sakafu. Mgongoni ngozi inabanduka.

Daktari alieleza taratibu, akinitazama mimi na si mke wangu. Dawa imeipunguzia damu yake nguvu ya kupigana na vijidudu. Unyayo ukitunga usaha, dripu ya mwisho hapewi, na saratani inaweza kutumia nafasi hiyo kurudi. Miadi ni Jumatano ya wiki ijayo. Nimwoshe unyayo kwa maji vuguvugu asubuhi na jioni, nikaushe vizuri katikati ya vidole, nipake dawa yake, nimzuie asilambe mpaka ikauke. Alale pa laini. Sakafuni tutandike kitu asiteleze. Akasema ni hayo tu. Halafu akarudia: ni hayo tu.

Namshukuru mama yule daktari kwa moyo wote. Alikata mguu, akaniachia mbwa. Nyumbani nilimsomea kila mtu maagizo kwa sauti, hata mama mkwe, ambaye anakaa nasi mpaka paa lake litengenezwe.

Lakini maji na taulo ni kazi ya mtu yeyote. Mimi ni fundi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Viatu! Sijui kwa nini madaktari hawajafikiria.

Nimefunga duka mapema. Gauni la bi harusi limesubiri, nalo lina subira kuliko mwenyewe. Nilichukua kitambaa cha makoti ya mvua, nikatia bitana laini ndani, kamba ya kufungia juu. Mshona viatu tunayegawana naye baraza alikuja kuchungulia, akasema viatu ni upande wake wa baraza. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa vipande vya mpira vya soli, bila kuombwa. Ana maneno mengi lakini roho yake nyeupe.

Mke wangu kaviangalia vile viatu mezani, kimoja baada ya kingine. Kauliza cha nne ni cha nani.

Nilikata kwa mazoea. Mtu akishazoea kukata mikono kwa jozi, mkasi unajiendea wenyewe. Nimemwambia ni cha akiba.

Meneja alitembea kama mtu anayevuka tope na nguo ya Ijumaa. Halafu akagoma, akalala. Nimemwachia viatu miguuni. Kwa njia hiyo hawezi kulamba. Ndege wawili kwa jiwe moja, na wala sijatoa jasho.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo yamekwenda kombo.

Nilivua viatu leo asubuhi. Harufu ilinipokea kabla ya unyayo. Ngozi imekuwa nyeupe, imelowa, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Katikati ya vidole wekundu umeongezeka. Meneja hakunilaumu. Alinipa tu unyayo wenyewe, akageuzia uso ukutani.

Nikampigia daktari. Nikaeleza. Akauliza kwa upole kama kuna mahali alipotaja viatu. Nikasema hapana. Akasema ngozi ile inataka hewa, inataka kukauka, na mimi nimeifungia kwenye koti la mvua. Usaha bado haupo, lakini mlango nimeshaufungua. Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru, nimsikilize.

Nimeshona vifungo vya shati la mteja upande wa ndani.

Na juu ya hayo, kuna suala la mama mkwe. Yeye husema mbwa mahali pake ni nje, na humwita Meneja "huyo kiumbe". Mimi nilimlea kwa chupa. Mimi ndiye niliyelala sakafuni pamoja naye alipotoka kukatwa mguu. Basi kwa nini sasa kila nikiingia sebuleni namkuta kalala karibu na kiti cha mama mkwe? Kuna jambo. Nahisi anampa vitu. Nitachunguza.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango mpya: mafuta. Unyayo unataka hewa, sawa. Lakini mgongo unabanduka, na daktari hakusema neno juu ya mgongo. Chupa ya mafuta ya nazi ya mama mkwe ilikuwa dirishani. Niliazima. Kuazima bila kusema ni kuazima bado.

Nilimpaka mgongo, mbavu, na kwa kuwa mafuta yalibaki mkononi, nikampaka na miguu. Meneja alifurahi kupita kiasi. Alijilamba kila alipofikia. Nikawa najipongeza. Ndipo mteja akagonga kengele ya duka, na Meneja, ambaye hajakosa kumpokea mteja hata siku moja, akaondoka mbio.

Sakafu yetu ni ya vigae.

Alipita mbele yangu kwa ubavu, kimya, akateleza sebule nzima, akagonga pedali ya cherehani. Nilisikia ule mlio. Mguu ule mmoja wa mbele ukivunjika, hakuna mwingine. Nilifika nikitambaa. Yeye akainuka, akajikung'uta, akaniacha nimejaa mafuta, akaenda kumsalimia mteja.

Sijui nimshukuru nani. Nimeshukuru wote. Niliingia nyuma ya majora ya vitambaa nikalia kidogo, kisha nikajitia kutafuta uzi.

Jioni, tumbo la Meneja likaharibika kwa yale mafuta. Mke wangu ndiye aliyevaa glavu akasafisha, maana dawa ya saratani hutoka na choo na mkojo, na daktari alionya tusiguse kwa mikono mitupu. Nilimshukuru nikiwa mlangoni. Akasema shukrani haideki sakafu. Nikachukua tambara.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimegundua mawili.

La kwanza: unyayo unapona. Nimeutazama kwenye mwanga wa dirisha. Wekundu umepungua, nyufa zinafunga. Nikaanza kuvimba kichwa. Huenda mafuta hufanya kazi polepole.

La pili. Niliingia ndani kuchukua chaki, nimevua viatu, sina nia mbaya. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, na magoti yake yale anayoyalalamikia kila siku. Beseni pembeni. Unyayo wa Meneja mapajani mwake. Alikuwa anakausha katikati ya kidole na kidole kwa ncha ya kitambaa, taratibu, huku akimsimulia habari za paa lake na fundi anayemzungusha. Akamwita "mume wangu", kama bibi anavyomtania mjukuu wake wa kiume. Blanketi lake mwenyewe alilitandika juu ya vigae, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Siku mbili hizi nimekuwa nikilikanyaga na kudhani ni uchafu wa nyumba.

Nilitaka kurudi nyuma. Goti langu likalia.

Hakugeuka. Aliniambia nisisimame pale kama nguzo, nilete taulo kavu. Nikaleta. Akasema ameanza tangu Jumatatu ileile, kwa sababu nilipomaliza kusoma maagizo aliniona namwangalia mbwa kama ninavyoangalia kitambaa. Akajua hayo maagizo hayatafuatwa. Siku zile za viatu alikosa pa kuanzia, nilikuwa nimefunga mafundo ya fundi. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema mkwe hasemwi, anasubiriwa.

Nilitaka kumshukuru, nikaanza na kosa langu. Nikamwomba radhi kwa mafuta. Akasema chupa aliijua, na mwizi alimjua.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mke wangu amepiga marufuku ubunifu wowote mpaka Jumatano. Mkasi mkubwa kauficha. Nimekubali shingo upande.

Kazi niliyopewa ni kushika kichwa. Mama mkwe anaosha, anakausha, anapaka dawa, na mimi nashika kichwa cha Meneja asilambe mpaka ikauke. Nampa umbea wa wateja. Ananisikiliza kwa makini, hasa habari za bi harusi. Sharubu zake zimedondoka zote kwa dawa, uso umebaki wa kitoto. Nilimwambia nampenda. Mama mkwe alikohoa, akasema dawa imeshakauka tangu zamani, naweza kuachia kichwa. Sikuachia.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Twende kwa mpangilio.

Tulikwenda wote. Hata mama mkwe, aliyesema anakwenda kunyoosha miguu tu. Daktari alichukua damu, akatuacha kwenye benchi. Nilihesabu vigae vya ukutani nikapotea. Mke wangu alinishika mkono. Kisha tukaitwa. Daktari akaweka taa karibu, akatanua vidole vya Meneja kimoja kimoja. Akanusa. Akabonyeza. Alipofika kidole cha mwisho akatoa jibu.

Pakavu. Safi. Kiwiko kimefunga. Damu ina nguvu ya kutosha. Dripu ya mwisho anapewa leo.

Nilimshukuru daktari, nikamshukuru msaidizi wake, nikamshukuru na mwenye paka aliyekuwa mlangoni, ambaye hakuhusika. Daktari akasema aliyeutunza unyayo ule ana mikono mizuri. Mama mkwe akawa anasoma bango la chanjo ya kuku. Nikasema tulijitahidi. Mke wangu alinikanyaga. Nikamtaja mama mkwe kwa sauti, chumba kizima kikasikia, naye akasema kiumbe mwenyewe ndiye mtulivu. Lakini aliufuta uso kwa kile kitambaa cha kumkaushia Meneja.

Kabla hatujaondoka daktari alinivuta kando. Manyoya yatarudi yenyewe, na sharubu pia. Tuendelee vilevile, na nisimvalishe kitu. Akasema mara mbili: asivalishwe kitu chochote. Nimeapa. Nimemshukuru tena.

Sasa tupo nyumbani. Meneja amelala kwenye blanketi, tumbo linapanda na kushuka. Yuko hai. Nimeketi kumtazama, sina neno jingine ila ahsante.

Ila kale kamgongo kake kasiko na manyoya, na jua hili. Nimefikiri sana. Mwavuli havaliwi. Mwavuli unasimamishwa juu, kwa waya mwepesi na mkanda mmoja tu tumboni. Daktari hakusema neno juu ya miavuli.

Mama mkwe alinikuta na tepu mkononi, akauliza napima nini. Nikamwambia ni zawadi ya shukrani. Aliinuka, akamvuta Meneja na blanketi lake lote mpaka upande wa pili wa sebule, akakaa katikati yetu.

Kachelewa. Vipimo ninavyo.