Kosa la Kuwa Watatu

Jumatatu asubuhi Mkuu wa Kamati ya Usalama alitangaza kwa kipaza sauti kwamba magenge yamefutwa rasmi. Kuanzia saa hiyo, watu watatu wakionekana pamoja wangehesabiwa genge, na haki zao zingesimamishwa kwa heshima zote.

Fundi cherehani wa mtaa ule alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Juzi tu kibaka alimpora simu mchana kweupe.

Jioni mume wake hakurudi. Alikuwa amekamatwa pamoja na kwaya yake nzima, wakiwa na mashati ya kijani aliyoyashona fundi mwenyewe.

Kituoni sajini alimpokea kwa upole wa kiofisi.

"Dada, hao ni watu hatari. Wana sare, wanaitikiana, na mumeo ana jina la kificho. Wenzake wanamwita Besi."

"Afande, hiyo ni sauti anayoimba!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Na haki zake je?"

"Ziko salama kabisa. Tumezifungia kabatini zisije zikaharibika kwenye purukushani."

Alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Njiani akapishana na kibaka yule yule, mikono mifukoni, yuko peke yake.

"Shikamoo, mama," akamwamkia. "Siku hizi tunatembea mmoja mmoja. Sheria ni sheria."

Alhamisi adhuhuri vibaka wakaingia nyumbani kwa Mkuu, mtaani pale pale, mmoja mmoja, wakipishana kwa adabu. Wakatoa televisheni, wakatoa redio. Kochi lilibebwa na wawili, idadi halali.

Mkuu akachomoka bafuni na taulo kiunoni. "Wezi! Jamani, tokeni!"

Madirisha yakafunguka. Mlango haukufunguka hata mmoja.

"Pole, mzee," fundi akamjibu kutoka dirishani. "Nikitoka mimi na jirani, na wewe hapo, tushakuwa watatu."

"Nawaamuru! Tokeni wote!"

Wakatoka wote, na miiko na mafagio. Wezi walishakata kona. Sajini aliposhuka kwenye karandinga alikuta umati, na katikati mwanamume nusu uchi anatoa amri. Hakuwahi kumwona Mkuu bila suti.

"Mkuu wenu nani?"

Fundi akanyoosha kidole. "Huyo, afande."

"Huyo!" mtaa ukaitikia.

"Ndiyo, ni mimi!" Mkuu akafoka. "Mimi ndiye niliyewakusanya!"

Sajini hakuwahi kupata mtuhumiwa anayekiri haraka hivyo. Mtu wa uzito ule, kwa usalama wa umma, alistahili mahabusu ya peke yake, na kituo kilikuwa na moja tu. Ikabidi kwaya iachiwe ili kumpisha.