Taifa Linalorudisha Zaidi ya Linavyotumia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nyota yangu imeng'aa! Mkurugenzi katuita, mimi na Desimali, akasema nchi inataka kujua imefika wapi katika uchumi wa mzunguko. Yaani katika vitu tunavyotumia, ni kiasi gani kinarudi kutumika tena badala ya kwenda jalalani. Tumpe tarakimu Ijumaa. Atakayefanya kazi nzuri ndiye Mkuu wa Kitengo kipya. Ofisi yenye dirisha! Kiti cha kuzunguka!

Desimali tunapakana meza. Jina nilimpa mimi, maana hata ukimjulia hali atakwambia ana nafuu nukta tatu. Simwogopi. Katibu muhtasi akanong'ona kwamba kama ni mzunguko tu, ofisi yetu inaongoza, hajapata kuja mwananchi hapa tusimzungushe. Sikucheka. Wakuu hawacheki ovyo.

Nikampigia simu mama mkwe kumwarifu kwamba nimekuwa Mkuu. Nimetanguliza kidogo tu. Kafurahi mno, anakuja Jumamosi kunipongeza, na wenzake wa kikundi cha akina mama keshawatangazia. Mke wangu akauliza cheo nimepewa lini. Nikamwambia mambo ya kitaalamu hayaelezeki kwa mtu anayemenya vitunguu.

Jumanne, 4 Machi

Desimali kashinda jalalani na mizani. Anapima taka! Kavaa na mabuti. Alivyorudi ananuka hadi karani wa masjala kahamisha kiti. Na jibu lake la awali? Asilimia sita nukta tatu saba. Mtu mzima haoni haya kuiletea nchi yake sita.

Mimi nimetumia akili. Mkurugenzi alisema "kinarudi". Basi nahesabu kurudi. Chupa ya katibu muhtasi ikijazwa maji, imerudi. Ikijazwa tena, imerudi tena. Yule mama anakunywa maji kwelikweli, Mungu ambariki. Kile kiti chetu cha sebuleni kila wiki kinavunjika na kila wiki nakigongea misumari, kumbe nilikuwa nalijenga taifa. Jioni nikamwuliza mke wangu gauni lake la kijani liliishia wapi. Akasema lilikuwa pazia, likawa foronya, sasa ni dekio. Nikambusu kwenye paji la uso. Akanishika shingo kuona kama nina homa.

Alhamisi, 6 Machi

Tarakimu tayari: asilimia mia na arobaini! Imebaki mfano wa kushikika, Mkurugenzi haamini asichokishika.

Nimeupata stoo. Sanduku la bati, kuukuu, kifuniko hakifungi, limechorwa maua mekundu kwa mkono. Mke wangu alikuja nalo tulipooana, na tangu siku hiyo limekaa tu, halizunguki. Uzembe wa namna hii ndio unaoturudisha nyuma! Nikamwaga mablanketi yaliyokuwamo, nikalipeleka kwa fundi bati. Fundi akauliza kama mwenyewe ana habari. Nikamjibu mwenyewe ni taifa. Jioni nikatoka na jiko la mkaa, faneli, na debe la kumwagilia bustani. Kimoja kimekwenda, vitatu vimerudi. Desimali atafute kwa kujificha.

Mke wangu yuko mbioni na maandalizi ya mgeni. Nimeona nisimsumbue.

Ijumaa, 7 Machi

Husuda. Husuda tupu.

Niliweka jiko mezani, nikataja mia na arobaini, nikasubiri makofi. Mkurugenzi akavua miwani. Akauliza, kwa upole, kama tumetumia vitu mia na vimerudi mia na arobaini, hivyo arobaini vimetoka wapi. Nikasema labda ni vya majirani. Salaale! Walicheka hadi dereva akachungulia mlangoni. Mkurugenzi akanieleza, polepole kama anayemweleza mtoto, kwamba chupa moja ikijazwa mara kumi bado ni chupa moja, na kwamba yeye aliuliza kiasi, hakuuliza mara. Si angesema mapema!

Desimali kapewa Ukuu. Kwa sita! Akanipa mkono, akasema tulikaribiana. Moyo uliniuma, sitaki kuficha. Nilirudi nyumbani na jiko kwapani, natafuta maneno ya kumwambia mama mkwe, sikuyapata.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kafika asubuhi, kajifunga khanga mpya, kaniita Mheshimiwa mbele ya majirani. Nikatamani ardhi ipasuke. Nikamkaribisha uani, nikamwashia jiko jipya mwenyewe, kwa heshima.

Akalitazama. Akainama. Akauliza mbona jiko hili limevaa maua ya mumewe.

Kumbe! Marehemu baba mkwe ndiye aliyeyachora, wakiwa wachumba. Mimi ningejuaje? Mke wangu akakimbilia stoo, akatoka mikono mitupu, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nikaeleza haraka kwamba sanduku halikupotea, mama, limerudi, tena limerudi mara tatu. Mama mkwe akajifuta macho kwa pindo la khanga, akasema vizuri sana, basi lirudi mara ya nne, liwe sanduku.

Kisha akauliza habari za cheo. Mke wangu akasema mwulize mwenyewe. Nikasema cheo nacho kiko kwenye mzunguko, hakijanifikia. Akasema, "Baba, umenizungusha." Basi. Hakugusa chai. Akachukua debe lenye ua zima kuliko yote, akaondoka nalo kifuani.

Jumatatu, 10 Machi

Kabla ya kazi nilipitia kwa fundi bati na jiko na faneli. Nikamwomba avirudishe kuwa sanduku. Alikaa chini kucheka. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Fundi mzima, na bado hana imani na uchumi wa mzunguko.

Jumatano, 12 Machi

Habari njema! Mkurugenzi kanihamisha. Sasa nasimamia kipimo kipya cha taifa: amani katika kaya. Katibu muhtasi kasema nianze na nyumba ninayoifahamu vizuri, akageuka haraka, nadhani alipatwa na kikohozi.

Nimeanza usiku huu huu. Mbinu yangu ni rahisi: nahesabu maneno ya ugomvi. Tangu Jumamosi mke wangu hajanitamkia hata neno moja. Hajalalamika, hajauliza, wala hajanijibu. Chakula ananiwekea, anakwenda kulala chumba cha watoto.

Ugomvi sifuri. Amani asilimia mia! Nyumba yetu inaongoza kitaifa, na kesho nitampelekea Mkurugenzi.