Shikamoo Iliyokwama Hewani

Jumatatu, 8 Julai 2024

"Wazee hawahitaji skrini, Mwalimu. Wanahitaji soksi." Ndivyo alivyosema Matroni Scholastica asubuhi hii, mbele ya wazee kumi na wanne na wapishi wawili, huku akikunja shuka. Upotoshaji! Kwanza, nani amekataza mtu kuvaa soksi na kutazama skrini kwa wakati mmoja? Miguu iko chini, macho yako juu. Pili, hoja kama hiyo ndiyo iliyotumika kupinga redio, kupinga shule za wasichana na, sina shaka, kupinga gurudumu. Hoja ya tatu niliisahau. Ukungu ulikuwa unaingia dirishani na hakuna aliyenisikiliza isipokuwa Mzee Hashimu, dereva mstaafu wa malori ya kabichi. Naye alikuwa anacheka.

Niandike hali ilivyo. Mimi, Kornelio, miaka hamsini na mbili, mwalimu wa uraia niliyeacha kazi kwa ajili ya msimamo (wao wanasema niliachishwa), nimejitolea kuwaunganisha wazee wa Makao haya, hapa Lushoto kwenye barabara ya Irente, na watoto wao kwa simu za video. Usharika umetupa kishikwambi. Matroni amenipa wiki moja. Nikishindwa, kinaingia kabatini pamoja na chupa za chai zilizovunjika.

Wa kwanza ni Bibi Klara, miaka themanini na tatu. Jicho la kulia limezibwa na mtoto wa jicho. La kushoto linafuata. Madaktari wa macho wanakuja mjini Jumatatu ijayo, mara moja tu kwa mwaka, na Bibi amekataa kwenda. Anasema hakuna mtu atakayemgusa macho kabla hilo la kushoto halijamwona mwanawe Alen, aliyeko Ujerumani miaka tisa sasa. Wakiliharibu, basi liharibike likiwa limeshiba.

Siku saba.

Jumanne, 9 Julai

Nimempata Alen! Namba nimepewa na binamu yake, Happiness, mwenye duka Magoma. Nimeteremka mlima mara mbili kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza nilibishana na mumewe kuhusu katiba nikasahau kilichonipeleka.

Kumbe mama na mwana hawajasemeshana miaka sita. Baba alipofariki Alen hakuja kuzika. Tangu hapo yeye anaogopa kupiga simu, mama anangoja kupigiwa.

Na kazi yake Ujerumani? Anahudumia wazee! Anawanawisha mama wa watu, anawashikia vishikwambi waongee na watoto wao! Nilitaka kumwandikia ukweli wake hapo hapo. Nikajizuia. Nilikaa juu ya mikono yangu, si mfano, nilikaa kweli. Amejibu kwamba atapiga kesho saa kumi jioni akitoka zamu.

Nimeandika Kanuni Kumi na Moja za Simu ya Video na kuzisoma ukumbini. Kanuni ya kwanza: kimya kabisa. Mzee Hashimu akauliza kama kupumua kunaruhusiwa au kuombewe kibali. Bibi Klara hakucheka. Alimwomba Matroni amkate kucha. Nikamweleza kwa heshima kwamba kucha hazitaonekana. Akasema Alen atajua.

Jumatano, 10 Julai

Saa tisa na nusu. Mtandao una vijiti viwili. Saa kumi kasoro kumi, kijiti kimoja. Nimepanda juu ya meza. Viwili. Jasho, na huku baridi ya Julai inatoa moshi midomoni.

Saa kumi kamili kishikwambi kikalia! Alen akatokea, uso mzima, koti jeupe la kazini. Bibi Klara amevaa kitenge chake cha Pasaka, amekaa wima kama yuko kwa mpiga picha. Wakatazamana.

Kimya.

Alen alichezesha midomo kidogo, akanyamaza, akainamisha kichwa. Bibi hakusema neno. Dakika moja. Mbili. Mzee Hashimu akataka kukohoa, nikamwonyesha Kanuni ya Kwanza. Dakika ya tatu nilitokwa machozi. Nikaandika pembeni mwa karatasi: "Hapa maneno hayahitajiki. Hii ndiyo lugha ya damu." Dakika ya nne Alen akafuta macho, picha ikatoweka.

Nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Bibi Klara akageuka akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, yule kijana nimemtoa wapi. Alen wake, akasema, tangu ana miaka miwili hajawahi kumtazama mama yake usoni bila kumwamkia. Yule hana shikamoo. Yule si Alen.

Alhamisi, 11 Julai

Sikula. Saa mbili asubuhi ujumbe wa Alen umeingia. Anasema alimwamkia mama mara tatu. Mara tatu! Mama hakuitikia hata mara moja, alimkazia macho tu. Kwa hiyo ameelewa: hajasamehewa kuhusu mazishi. Ananishukuru, anaomba nisimsumbue mama tena.

Nikaruka kitini. Alimwamkia! Mtandao ulileta picha kwanza, sauti ukaiacha njiani. Mama angeitikiaje salamu asiyoisikia? Na mwana angeendeleaje kuongea na mama asiyeitika? Wote wawili wamekaa pale kwa adabu zao, kila mmoja akimngoja mwenzake. Na mimi nikiwanyamazisha kwa kanuni!

(Hili la mwisho halihitaji kutangazwa.)

Mtu wa kawaida angemjibu Alen kwa mstari mmoja. Lakini ukweli bila muktadha ni nini? Nilianza na ukoloni na uhamaji wa nguvukazi. Nikaja kwenye wajibu wa mtoto. Ukurasa wa kwanza, nakiri, una maneno "mtoro wa ukoo". Maelezo kuhusu sauti yako ukurasa wa nne, yamepangwa vizuri sana.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Kisha akanifungia. Ujumbe wangu haufiki tena.

Matroni akapita na beseni, akaniuliza mbona nimekuwa mweupe kama unga. Nikasema ni baridi. Mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja, hivyo hakuna anayemwamkia mwenzake. Tunaianza siku bila salamu na kuimaliza hivyo hivyo. Angekuwa amenizidi hata miezi sita ningemwambia ukweli.

Ijumaa, 12 Julai

Bibi Klara amekunywa nusu kikombe cha uji. Anakaa dirishani, jicho la kushoto limeelekezwa kwenye mlima wa ng'ambo, sijui linaona nini. Siku tatu zimebaki.

Lakini nimepata mpango! Nakiri una uongo ndani yake. Daktari naye hupaka dawa ya ganzi.

Nina picha ya Alen, ile aliyoiweka kwenye namba yake kabla hajanifungia. Nitaifungua ijae kioo cha kishikwambi. Nitamwambia Bibi mtandao ni mbaya, picha imeganda. Nani nchi hii hajaona picha imeganda? Kisha sauti itatoka nyuma ya pazia la ukumbi. Sauti yangu. Nitaamkia. Ataitika. Jicho litashiba, Jumatatu ataingia garini, na Alen mwenyewe nitamshughulikia baadaye.

Nimefanya mazoezi bustanini, "Shikamoo mama", zaidi ya mara hamsini. Mzee Hashimu akaitikia marahaba kutoka chooni.

Jumamosi, 13 Julai

Nataka kuhama wilaya.

Ilianza vizuri! Nikaweka picha, nikatoa tahadhari kuhusu mtandao, nikasema naenda nje kutafuta vijiti, nikazunguka hadi nyuma ya pazia. Nikaamkia. Bibi Klara akashtuka, akaweka mkono kifuani. "Marahaba," akasema. "Marahaba, Alen. Hujambo, baba?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema "sijambo" nikakata. Mpango uliandikwa hivyo. "Sijambo, kata."

Lakini aliniuliza maisha ya huko yakoje. Swali zito! Nikasema sijambo, mama, isipokuwa mfumo wa matunzo ya wazee Ulaya una kasoro za msingi. Nikaingia kwenye pensheni. Nikagusa viwanda. Nadhani nilisema "kwa mantiki hiyo" mara mbili. Nilikuwa naanza hoja ya pili nilipomsikia Bibi akisema polepole kwamba Alen wake hajawahi kusema maneno kumi mfululizo tangu azaliwe.

"Kornelio," akasema, "toka huko nyuma. Sakafu ni ya baridi, utapata mafua."

Nikatoka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Mzee Hashimu akapiga goti kwa kiganja, akasema hata mkutano wa kampeni una mwisho. Nilikuwa tayari kujitetea. Kisha nikamwona Bibi Klara. Yeye hakucheka. Alikuwa anaipapasa ile picha kwa kidole, akaniuliza kama nilichukua kazi hii kwa kutumwa na ukoo. Akasema ameelewa sasa. Jumatano mmeleta kijana asiye na salamu. Leo mmeleta picha isiyotikisika na sauti ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya wakiwa na msiba wasioweza kuutamka.

"Nambie tu, mwanangu. Alen alikufa lini?"

Nikasema yuko hai, Bibi, naapa. Akanitazama kwa huruma. Mimi, wa kuhurumiwa! Akavua kilemba cha kitenge chake cha Pasaka, akakikunja, akaomba apelekwe kulala, na ilikuwa saa tisa mchana.

Matroni alinitazama. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningekuwa na la kujibu. Nikajikuta namweleza kila kitu, hadi ukurasa wa nne. Akaniomba namba ya Happiness tu.

Jumapili, 14 Julai

Watu walipotoka ibadani Matroni alikaa na simu yake ndogo ya vitufe. Happiness alikuwa amempa Alen taarifa tangu jana kwamba Matroni atampigia. Matroni alimpigia, simu ya kawaida kabisa, sauti tupu. Nilisimama karibu kuhakiki. Alisema sentensi moja: "Mama hakusikia shikamoo yako, baba, mtandao uliimeza, na sasa anadhani umekufa."

Maneno kumi na moja! Nimehesabu. Hakuna muktadha wowote.

Nikasikia mwanaume mzima analia Ujerumani.

Matroni akaingia chumbani, akaiweka simu kwenye sikio la Bibi. Bibi hakutaka, aligeukia ukutani. Kisha akatulia. Akasema, "Rudia." Akasikiliza. "Rudia tena." Mara ya tatu nikaisikia hata mimi niliyekuwa mlangoni, shikamoo mama, imekatika katikati kwa kwikwi. Bibi akakaa. Akaitikia marahaba, kisha akahamia Kishambaa, na wakaamkiana upya tangu mwanzo, habari za nyumba, za kazi, za mwili, taratibu, hakuna kilichorukwa.

Salamu zilipokwisha ndipo Matroni akaniagiza nilete kishikwambi, nizime sauti yake, nikishike. Sauti ibaki kwenye simu ndogo, picha ije kwangu. Na nisiseme neno. Alen akanifungulia namba, akatokea, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Bibi akalisogeza jicho lake la kushoto mpaka likakaribia kugusa kioo. Nadhani mwenzake kule aliona kope tu. Akamkagua kama mtu anayechagua mbegu. Akamwambia ameota mvi. Akamwambia shavu la kushoto limepungua, hali chakula cha mchana. Kisha akamuuliza kuhusu mazishi.

Alen akasema alikuwa hana karatasi za ukaazi. Angetoka asingeruhusiwa kurudi, na ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi. Aliona aibu kusema.

Nikafungua mdomo, Matroni akanikanyaga. Bibi akasema, "Ungesema. Baba yako mwenyewe alikosa mazishi ya baba yake, lori liliharibika njiani, Mombo. Ungesema tu, mwanangu."

Dakika ishirini na mbili. Mkono ulikufa ganzi hadi begani. Sikusema neno. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Jumatatu, 15 Julai

Gari limeondoka saa moja asubuhi, Bibi Klara kiti cha mbele, mkono wa Matroni mabegani mwake. Aliniaga kwa jina. Saa nane taarifa ikaja: jicho la kulia limefanyiwa upasuaji salama, la kushoto watalitazama wakirudi. Nikakaa kwenye ngazi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.

Kishikwambi hakiingii kabatini. Matroni amesema wazee kumi na watatu waliobaki nao wapate zamu, lakini atapiga simu yeye, nami nitashika. Tu.

Sasa tuchambue bila jazba. Nadharia yangu imeshinda. Matroni alifanya utekelezaji, jambo zuri, lakini dogo. Mpango wa Jumamosi ulikuwa sahihi kimsingi. Uliangushwa na pazia jembamba na sauti moja tu iliyopatikana, yangu. Kasoro hizo zinarekebishika. Nimeshapima dirisha kwa ajili ya pazia zito. Tangazo nimelimaliza, kesho Matroni akiwa mjini nalituma kwa kila namba niliyonayo:

Nyinyi watoto wa Lushoto mlioko Ujerumani, Uarabuni na Dar es Salaam! Kabla ya Ijumaa kila mmoja wenu anitumie shikamoo yake iliyorekodiwa, mara tatu, bila kikohozi. Hayo mengine yote mnayotaka kuwaambia wazazi wenu msijisumbue nayo. Niachieni mimi. Nitawasemea.