Metali Inayoyeyuka Kiganjani

Paa Dontoh alikuwa na tonge la kenkey, ule ugali mchachu wa mahindi, mdomoni aliposikia, meza ya nyuma yake, mwanamke akimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kipande cha dhahabu alichoniachia marehemu, shoga yangu, kizito hicho! Na mimi hata sijui nikifanyie nini."

Dontoh akaacha kutafuna. Samaki wake wa kukaanga akapoa mbele yake kama maiti asiye na ndugu.

Mjini Tarkwa watu wanaojigamba kwa dhahabu ni wengi kuliko kuku. Lakini mama huyu alikuwa na kitenge kipya, miwani minene, na uso wa mtu anayeitikia amina kabla sala haijaanza. Dontoh akamfuata kwa macho, halafu kwa miguu, hadi akaijua nyumba yake.

Tumtendee haki Dontoh: hakuwa mwizi wa kuvunja milango. Aliwahi kuosha vyombo vya maabara katika shule moja ya bweni, na humo ndimo alimopenda. Aliyempenda hakuwa mpishi wala mwalimu. Ilikuwa galiamu, metali nyeupe kama fedha, ngumu ikiwa kwenye baridi, lakini ukiishika kiganjani inayeyuka kama siagi. Siku alipofukuzwa kazi, chupa ya galiamu ilifukuzwa pamoja naye. Kwa joto la Tarkwa ilimbidi aitembeze ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, kama mgonjwa wa homa, nayo ikawa inamlisha.

Kesho yake saa nne asubuhi aliegesha gari lake jekundu mlangoni, na punde alikuwa sebuleni kwa mama huyo, Mama Araba Ghartey, kofia mikononi.

"Mama, mimi si mganga. Waganga ni waongo."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mtu wa sayansi."

Akatoa donge dogo kama yai la njiwa, akamwekea mama kiganjani. Wakangoja. Kingo zikalegea, kisha donge zima likajilaza, likawa kidimbwi cha kung'aa, Mama Ghartey anajiona mle kama kwenye kioo.

"Yesu wangu! Linalia!"

"Halilii, mama. Linataka mume."

"Mume?"

"Dhahabu. Ukiwafungia pamoja siku saba ndani ya maji ya bahari, wanazaa. Unaingiza kipande kimoja, unatoa viwili."

"Mapacha!"

"Mapacha, mama. Ila lazima yawe maji ya Sekondi, na nikae nao mimi peke yangu. Maharusi wana aibu."

Mama Ghartey akaziba mdomo kwa heshima, akaingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Kilipogusa meza, meza ikaguna.

"Samahani, mama," Dontoh akasema, "bwana harusi lazima apimwe."

Hapo alikuwa mtaalamu kweli. Akaleta sumaku: haikuvuta. Akadondosha tone la asidi: hata doa. Akakipima kwa mizani kikiwa kikavu, akakipima tena kikining'inia ndani ya maji, akapiga hesabu mara mbili. Risasi ingeumbuka hapo, na shaba ingeumbuka mapema zaidi. Hesabu ikatoa uzito wa dhahabu. Dontoh akajikohoza ili asipige vigelegele.

"Kipo sawa kidogo," akasema.

"Mwanangu, mimi ni mjane. Ndugu wa marehemu wakisikia nimekupa hivihivi, watanila nyama. Niachie kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Lile gari lako jekundu. Na kadi yake. Utie saini hapa, kwamba siku ya nane usipotokea, ni langu."

Dontoh akaishika kadi mfukoni. Gari lile alilirithi kwa mjomba wake, na katika maisha yake yote ndicho kitu pekee alichokipata kihalali. Alikuwa akiliosha kila Jumapili wakati wenzake wako kanisani. Akalitazama dirishani. Akaitazama dhahabu. Ingenunua magari kumi kama lile, na moja la kubebea maua. Akatia saini.

Sekondi hakufika. Alipanda basi la Kumasi, moja kwa moja hadi kwa sonara mmoja mzee, Badu Akosah.

"Kiyeyushe, mzee wangu. Tukigawe vipande vidogo, wasikitambue."

Sonara akawasha moto. Ngozi ya dhahabu ikajikunja, ikawa vitone. Kilichobaki kikawa chekundu, kikawa cheupe, kikakaa palepale kama mkwe aliyenuna. Mzee akapuliza hadi gesi ikamwishia. Akachukua tupa, akakwangua, chini yake kukatokea kijivu.

"Huyu umemwoa wapi?"

"Ni dhahabu! Nimeipima ndani ya maji!"

"Maji yatakudanganya tu. Hii ni tungsteni. Uzito wake na dhahabu ni mapacha wa tumbo moja. Kuiyeyusha unahitaji jehanamu, na mimi nina mtungi mmoja." Mzee akafuta jasho. "Hiki ni cha tatu mwaka huu kutoka Tarkwa. Mjane mwenye miwani, siyo? Alifundisha kemia miaka thelathini."

Dontoh akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake iliyopigwa pasi. Polisi angewaambia nini? Kwamba dhahabu aliyoiba ni ya bandia? Baada ya muda akatoa simu.

"Mama Ghartey."

"Oo, mwanangu! Wamezaa?"

"Mama, mimi nilikuamini."

"Nami pia, mwanangu, ndiyo maana nikaomba saini. Pensheni ya mwalimu haifiki hata katikati ya mwezi." Kiti kikasikika kikivutwa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya msichana. "Ile galiamu bado unayo?"

"Ninayo."

"Nilikuwa sijaigusa tangu nistaafu. Siku ile iliponiyeyukia kiganjani, mwenzio nilifurahi kweli. Hapo sikuwa naigiza. Njoo nayo Jumamosi, nitakupikia supu ya njugu."

Dontoh alitaka kumtukana, lakini tusi halikuja. Ni kweli, mtu mwingine aliyeipenda galiamu hakuwahi kukutana naye.

"Nitakuja na nini, mama? Gari unalo wewe."

"Basi panda basi," akasema Mama Ghartey. "Ila ukipata gari lingine, njoo nalo."