Moshi wa Stoo ya Saluni

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kaja tena. Kanikagua tumbo kama anachagua tikiti sokoni. Miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna! Nikamsingizia mwanawe: suruali zinambana, mbegu zinakufa. Kaniamini. Jinzi zake zote tatu nimezigawa.

Mimi? Sigara nne tu kwa siku, stoo ya saluni yangu, nyuma ya mashine za kukaushia nywele. Navaa kofia ya plastiki ya wateja, nywele zisinuke. Hakuna anayejua. Akili ninayo!

Jumatano, 5 Machi
Nimemburuta mume wangu kliniki. Loh! Mzima wa afya! Daktari kasema sasa zamu yangu. Kaniuliza kama navuta. Nikaapa sijawahi. Mume, maskini, akanitetea: eti hata moshi wa mshumaa unanikohoza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha! Nina miaka thelathini na tatu, mayai yangu yamebaki machache kama ya mama wa arobaini na mbili! Homoni shaghalabaghala. Daktari kasema sigara hufanya hivyo: hushusha homoni za kike, huua mayai, hedhi hukoma mapema. Nafasi bado ipo, ila yaliyokwenda hayarudi.

Mume kauliza moshi umetoka wapi. Daktari akaniangalia, akasema hata moshi wa jirani unadhuru. Hapo hapo nikapata jibu: fundi cherehani! Mlango wa pili, mbea yule, ananifukuzia wateja. Nikasema anavuta kutwa.

Jumamosi, 8 Machi
Yarabi! Mume kaenda kumvaa fundi. Kumbe ana pumu! Kavuta dawa yake ya kupuliza mbele ya mume wangu, kisha kamleta moja kwa moja stoo. Wamenikuta na kofia kichwani, sigara mdomoni.

Mume hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Akasema jina la mtoto alishachagua, la bibi yake. Jamani, niliumia. Nikaapa mbele yao wote sitashika sigara tena.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya pili, sijashika hata moja! Kiti changu nimekihamishia barazani, karibu na kinyozi. Yeye huvuta mlangoni kwake kutwa. Moshi wa mtu mwingine hauhesabiki.

Mume kapita, kanikuta mikono mitupu. Kafurahi mno! Kaniletea soksi za mtoto mchanga, jozi moja, za njano. Nikazipakata, machozi yakinilenga. Alipoondoka nikamwomba kinyozi apulizie upande wangu.