Suti Tatu na Maji ya Mlimani

Jumatatu, 8 Julai
Nimeamua. Nafasi ya mzamiaji wa kudumu katika bwawa la mji ni yangu. Tangazo liko mlangoni kwa msimamizi: Ijumaa tunajaribiwa, nusu saa chini ya maji, kusugua wavu wa chuma unaozuia takataka zisiingie bombani. Ukitoka mapema, umekosa. Waombaji ni wawili tu. Mimi, na shemeji yangu Kiboko, kaka wa mke wangu, mtu aliyejaliwa mafuta mwilini na asiyejua baridi ni nini. Kusugua naweza. Ila maji ya bwawa yanatoka mlimani, na baridi ndiyo adui yangu. Mara ya mwisho meno yaligongana hadi nikatema kipumulio. Na baba mkwe amekwisha kusema: nikikosa safari hii, naenda dukani kwake kuuza magodoro. Chini ya macho yake, kutwa. Heri nigande.

Jumanne, 9 Julai
Akili ni mali. Mtu akisikia baridi kitandani huongeza blanketi. Kwa nini basi mzamiaji avae suti moja ya mpira? Nimeazima ya pili kwa fundi wa mashua. Nyembamba, halafu ndogo. Fundi akasema nyembamba huvaliwa ndani, nene juu. Fundi wa mashua na mavazi wapi na wapi? Nikavaa ndogo juu, ibane joto lisitoroke. Mke wangu alivuta, mimi nikasukuma, sabuni ya vyombo ikasaidia. Ikaingia. Ila pumzi zikawa zinakuja nusunusu. Mke wangu akauliza kama nataka kumwacha mjane kwa kuogopa magodoro. Nilikuwa na jibu zuri sana, sauti ndiyo haikutoka. Kuivua kulichukua muda mrefu kuliko ndoa ya jirani yetu.

Jumatano, 10 Julai
Leo nyembamba ndani, nene juu. (Wazo langu mwenyewe.) Nikajitosa bwawani. Joto safi! Tatizo, sikuzama. Mpira wa suti una vipovu vya hewa, na kila ukiongeza suti unazidi kuelea. Nikabaki juu ya maji, tumbo limeelekea mawinguni. Kiboko, amekaa ukingoni anatafuna karanga, akaniuliza kama nimeajiriwa kazi ya boya. Nikaongeza vyuma vya uzito kwenye mkanda, nikashuka hadi kwenye wavu, nikakaa huko na joto langu. Nilipopanda, Kiboko alikuwa ameacha karanga zake. Nimelala nikitabasamu.

Alhamisi, 11 Julai
Kama mbili zinafaa, tatu zinafaa zaidi. Stoo kwetu kuna suti kuukuu ya Kiboko, pana kama turubai. Nitamshinda nikiwa ndani ya nguo yake. Nimejaribu zote tatu. Mikono imesimama pembeni, viwiko havikunjiki, pua ikiwasha naomba msaada. Mke wangu akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi hata kukaa siwezi. Nikamwambia wavu haujawekwa mvunguni. Kwa kuwa kuvaa kunachukua muda, kesho navaa zote alfajiri, nyumbani, nifike tayari. Huko ndiko kujipanga.

Ijumaa, 12 Julai
Naandika kwa shida. Msimamizi alimtanguliza Kiboko. Akazama na suti moja, yenye kiraka gotini. Mimi nikasubiri kwenye zege. Jua, ambalo wiki nzima lilijificha, likatoka. Msimamizi akanishauri nifungue zipu kidogo. Nikamwambia asante, natunza joto. Jasho likajaa viatuni. Nikaona mabwawa mawili, kisha sikuona hata moja.

Nilizinduka nimo majini na chupi tu, nesi aliyeitwa na msimamizi kanishika kichwa. Kumbe Kiboko, alipomaliza nusu saa yake, alinikuta nimeanguka, akazichana zile suti kwa kisu na kunitumbukiza nipoe. Nikakaa humo karibu saa nzima na sikuhisi baridi hata chembe. Nikamwomba msimamizi anihesabie hiyo. Akasema kichwa kilikuwa nje. Kazi amepata Kiboko. Nililia, sifichi. Nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyejua.

Jumamosi, 13 Julai
Dukani. Baba mkwe kanionyesha jinsi ya kulipigapiga godoro mbele ya mteja. Mchana Kiboko akapita. Anasema mwezi ujao watachukua mzamiaji wa pili, na amenisemea kwa msimamizi. Nije kila asubuhi na suti moja tu, anizoeshe baridi polepole, maana jana ameona mwili wangu unaweza. Nikamshukuru kwa adabu zote. Ushauri wa mshindani!

Nimefikiri kwa utulivu, nimejilaza kwenye godoro la maonyesho. Suti hazikuwa na kosa, nikizitia viraka zitafaa tena. Kosa ni kusubiri juani. Dawa yake nimeipata: nijaze barafu kati ya suti ya kwanza na ya pili mpaka zamu yangu ifike. Muuza samaki amekubali kunipa mabonge. Na suti ya nne juu, barafu isiyeyuke.