Mama Mkwe na Dadu za Mashine

4 Machi, Jumatatu
Nimefungwa tena. Na nani? Na mama mkwe! Mguu kwenye plasta, miwani imefungwa uzi, na huruma hana hata chembe.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemletea kile kimashine cha mkononi kutoka karakana yangu ya redio, kimsahaulishe maumivu. Kina mchezo mmoja tu, bakgamoni: kila mtu kete kumi na tano, dadu mbili, unazikimbiza kete zako nyumbani kisha unazitoa. Kete ikibaki pweke inagongwa, inarudi mwanzo wa safari. Dadu hurushwa na mashine yenyewe. Mtu kazi yake kubonyeza. Nilimwambia huu ni mchezo wa wenye akili, nitamfundisha polepole. Kesho yake akanifundisha yeye.

Leo katangaza kwamba Jumamosi anarudi kwake. Ghorofa ya tatu! Ngazi hazina hata pa kushika! Ndiko alikoanguka, akalala sakafuni mpaka jirani aliposikia. Mke wangu kamlilia abaki hadi plasta itolewe. Wapi! Kasema mgeni siku mbili, ya tatu jembe, na yeye jembe hawezi kulishika.

Mimi sina neno. Aende, abaki, sawa tu. Nimeyatia magongo yake mpira mpya chini, lakini hiyo ni kazi ya fundi.

5 Machi, Jumanne
Nimemwekea dau: nikimfunga hata mara moja kabla ya Jumamosi, anabaki. Alicheka mpaka gongo lake likaanguka. Akasema haya baba, ila usije ukalia mbele ya mkeo.

Tukacheza. Matokeo sitaandika, karatasi ni ghali.

6 Machi, Jumatano
Uvumbuzi! Nimekwenda na kile kimashine karakanani. Nimetoa betri, nimerudisha, nikacheza pande zote mbili mwenyewe. Nikatoa tena. Dadu zilezile! Kwa mpangilio uleule! Kikikosa umeme kinasahau kila kitu, kinaanza upya hadithi ileile kama mlevi. Anayeanza anapata takataka: moja na mbili. Anayefuata anapata sita-sita, halafu tano-tano.

Mimi shule niliiacha mapema. Ningeendelea ningekuwa hatari kwa taifa.

7 Machi, Alhamisi
Nilitoa betri chini ya meza, nikajifanya nafuta vumbi. Nikamkaribisha mama aanze, umri mbele. Akasema hata kidogo, mwenye nyumba ndiye anayeanza, yeye nani. Nikambembeleza. Akanibembeleza zaidi. Mke wangu akapita na sinia, akauliza nabishana nini na mama yake. Nikaanza.

Moja na mbili. Yeye sita-sita. Akasema loo, mkono wangu una baraka leo! Nikasema hongera mama.

Baadaye nilimwona mama akikunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko wa safari. Mke wangu kaingia bafuni, katoka macho mekundu. Chakula kilinishinda. Itakuwa tumbo.

8 Machi, Ijumaa
Asubuhi mke wangu alijifungia chumbani na mama yake. Sikuwasikiliza, ni mlango tu ndio mwembamba. Alikuwa akisema yule mume wangu hajala tangu uanze kufungasha, mama. Anajifanya ni mchezo tu, lakini ukianguka tena kule atakufa yeye kabla yako.

Uzushi mtupu! Nimesema ni tumbo.

Mchana tukakaa kwa pambano la mwisho. Mama akalalamika mashine imekuwa nzito: hebu baba, zitoe betri kidogo uzirudishe. Bahati iliyoje! Nikazitoa mchana kweupe, mbele ya macho yake. Mara akasema mgongo unamuuma, leo aanze yeye ili amalize mapema. Nikajizuia nisicheke.

Moja na mbili, zake! Sita-sita, zangu! Halafu akaanza kuacha kete pweke, moja huku, nyingine kule, kama mtu aliyemwaga shanga. Nikazigonga zote. Nimemfunga! Nimezunguka meza nikipiga makofi, nikajikwaa kwenye kiti, nikaendelea kuzunguka nachechemea. Mke wangu kamkumbatia mama yake. Mama akasema baba, wewe umeshindikana, basi nifungulie huo mfuko.

Alikuwa akitabasamu. Wazee ndivyo wanavyoficha aibu. Nilikula sahani mbili. Tumbo limepona lenyewe.

9 Machi, Jumamosi
Hakuna aliyeondoka. Nguo zimerudi kabatini, magongo yameegemea ukuta kama yana hisa humu ndani.

Nimemweleza mke wangu siri ya ushindi: kumsoma adui moyoni. Alishikwa na kikohozi kibaya, ikabidi akakimalizie jikoni.

Mama anataka marudiano. Atakayefungwa ataosha vyombo mpaka plasta itoke. Maskini, na mguu ule atasimamaje kwenye sinki? Lakini kukataa ni kumvunjia heshima mtu mzima. Nimekubali, na kwa kumwonea huruma nimemwambia achague mwenyewe nani aanze.

Mke wangu ameniletea aproni. Nimemwambia kakosea mtu, ampelekee mama yake.